Sentimita Sita kwa Tatu

Mimi si mtu wa mpira. Naanza kwa kulisema hilo kwa sababu wengi wanaonisikia nikizungumzia uwanja wa mtaa wetu hudhani niliwahi kuchezea timu, au nina mtoto anayesakata kandanda, au marehemu mume wangu alikuwa refa. Hakuna hata moja. Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule, napunguza suruali za mitumba, na msimu wa ligi ukikaribia nabandika namba kwenye migongo ya jezi. Ndiyo maana vijana huniita Mama Jezi, jina ambalo miaka ya mwanzo lilinikera. Kibanda changu kilikuwa kimeegemea upande wa kusini wa uwanja, na uwanja wenyewe kwangu ulikuwa vumbi linaloingia kwenye mafuta ya cherehani na mpira unaogonga paa la mabati mteja akiwa ndani anajaribu gauni.

Leo mimi ndiye katibu wa kamati ya uwanja huo. Nataka nieleze nilivyofika hapo, kwa kuwa njia yenyewe ilipita katikati ya ugomvi wa aina mbili, na ule wa pili ndio ulionigeuza.

Mtaa wetu ni mmoja wa mitaa ya kale ya Eastlands, Nairobi, upande wa Barabara ya Jogoo. Sitautaja jina, majirani niliogombana nao bado ni majirani, na wengine wananidai. Mitaa hii, Kaloleni, Ziwani, Mbotela, Maringo, Jericho na mingineyo, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, mingi ikiwa ni ya enzi za ukoloni. Nyumba zilikuwa finyu, lakini waliochora ramani waliacha nafasi nje: ukumbi wa jamii, miti ya kivuli, kiwanja cha michezo. Sidhani walifanya hivyo kwa mapenzi makubwa. Ukimpa mtu mwenye watoto sita chumba kimoja, lazima umpe na mahali pa kuwatolea hao watoto jioni. Hata hivyo, viwanja hivyo vimeipa nchi hii watu. Victor Wanyama, aliyekuja kuvaa jezi ya Celtic, Southampton na Tottenham, pamoja na kaka yake McDonald Mariga, walikulia Muthurwa, hapa hapa mkabala na njia yetu ya kuingilia mjini. Uwanja mkubwa wa Barabara ya Jogoo, ambao wengi wetu tuliuita City Stadium, tangu 2019 una jina la Joe Kadenge. Na kila mwisho wa mwaka watu hufurika uwanja wa Umeme kule Ziwani kwa mashindano ya Koth Biro, wengine wakiwa wamepanda juu ya mapaa ili waone vizuri. Haya yote nimeyajua ukubwani, kutoka kwa watu waliokuwa wakisubiri jezi zao zikauke gundi.

Ugomvi wa kwanza nitausimulia haraka, maana Mkenya yeyote anaujua hata kama hajawahi kuingia mtaani kwetu. Tuliamka asubuhi moja tukakuta nusu ya uwanja imezungushiwa mabati mapya, walinzi wawili wakiwa na mbwa, na habari kwamba kuna mstawishaji binafsi ambaye ana karatasi. Hakuna aliyemwona uso. Wanyakuzi hawana uso. Wana mabati, lori na wakili.

Wakati huo kisa cha Lang'ata kilikuwa bado kibichi vichwani mwetu. Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushwa ukuta. Wakausukuma ukuta wakiwa na wanaharakati, na polisi wakawarushia watoto hao gesi ya kutoa machozi. Picha za watoto wa sare wakikimbia huku wakifikicha macho zilizunguka dunia, serikali ikaomba radhi, na shule ikarudishiwa uwanja wake. Basi vijana wetu nao walitaka kusukuma. Usiku wa pili mabati kadhaa yaling'olewa, na sitasema yalikwenda kuezeka wapi.

Aliyewazuia ni mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa jiografia, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu tu. Aliwaambia vijana: "Mkiyang'oa leo, kesho yatarudi na polisi. Tafuteni ramani kwanza." Mvua ilikuwa inanyesha, kibanda changu ndicho kilichokuwa karibu, wakaingia humo kumsikiliza, nami nikawa sina budi kusikiliza. Alituambia kuhusu tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kumaliza kazi 2004, ambayo iliorodhesha namna ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela kwa watu binafsi: misitu, viwanja vya shule, vyoo vya umma, hata makaburi. Akatueleza tofauti ya barua ya ugawaji na hatimiliki. Akatukumbusha jinsi Wangari Maathai alivyouokoa Uhuru Park mwaka 1989, pale serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 katikati ya bustani. Watu hukumbuka zaidi matusi aliyotukanwa bungeni. Mwalimu alitaka tukumbuke barua: mama yule alikaa mezani akaandika, kwa ofisi za serikali, kwa magazeti, kwa mabalozi, hadi wafadhili wakaanza kuuliza maswali.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na faili likaachwa kwangu kwa sababu nina sanduku lenye kufuli. Hivyo tu. Ramani ya upimaji ilipopatikana ilionyesha eneo letu limetengwa liwe la wazi kwa matumizi ya umma, na kile alichokuwa nacho mstawishaji kikawa ni barua ya ugawaji isiyo na mguu wa kusimamia. Walinzi waliondoka na mbwa wao. Tulicheza, tukapika pilau, mheshimiwa wetu wa wadi akaja kuhutubia ingawa wakati wa shida simu yake ilikuwa mteja hapatikani.

Katika ugomvi ule sikubadilika chochote. Nilikuwa nimelinda kibanda changu. Mwizi akiingia mtaani, hata maadui husimama pamoja, kisha kila mmoja hurudi kwake.

Miaka ikapita. Kisha ikaja habari njema, nayo ndiyo iliyotugawa.

Uwanja wetu ungejengwa upya. Mheshimiwa alikuja na maofisa wa mradi, wakabandika picha za rangi kwenye ukuta wa ukumbi wa jamii: nyasi bandia za kijani, majukwaa ya watazamaji pande mbili, taa kubwa juu ya nguzo, vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, ukuta wa mawe kuzunguka, lango moja kubwa lenye tao. Wanawake walipiga vigelegele, nami nilipiga. Nani angekataa? Kocha wa timu ya vijana, kijana niliyemjua tangu anavaa kaptula za shule, alisimama kuzungumza, sauti ikamkwama, akaketi.

Nataka nimtendee haki kocha, kwa sababu baadaye tulikosana vibaya. Yeye ndiye aliyewabeba wavulana hospitalini magoti yakiwa yamechanika kwa kokoto. Yeye ndiye aliyeahirisha mazoezi kila masika, uwanja ukigeuka dimbwi. Watu husema, "Si mpande nyasi za kawaida?" Hawajui wanachosema. Uwanja unaokanyagwa kuanzia alfajiri hadi giza, siku saba, hakuna nyasi ya Mungu itakayoota hapo. Nyasi hutaka kupumzishwa, na sisi hatuna pengine pa kwenda wakati imepumzika. Nyasi bandia huchezewa mchana kutwa na usiku. Pale Camp Toyoyo, Jericho, vijana wetu walikuwa wameshaonja utamu wake. Kwa kocha, ule haukuwa urembo. Ulikuwa ni miaka ya wavulana wake.

Nilirudi ukumbini siku iliyofuata kupeleka sare za kwaya, ukumbi ukiwa mtupu. Pembeni mwa zile picha za rangi kulikuwa na mchoro wa mistari ambao hakuna aliyeuangalia, maana haukuwa na rangi. Chini kabisa paliandikwa 1:500. Kwa fundi wa nguo hilo halina fumbo: sentimita moja ya karatasi ni mita tano za ardhi. Futikamba yangu hukaa shingoni muda wote. Nikaiweka.

Uwanja wa mpira ulikuwa sentimita 21 kwa 13 na nusu na kidogo. Ni kusema mita 105 kwa 68, kipimo cha viwanja vya mashindano makubwa. Uwanja wetu wa vumbi haujawahi kufika huko hata kwa ndoto. Juu yake kuna majukwaa mawili, juu yake kuna ukuta. Kitambaa hakiongezeki mezani. Ukipanua mgongo, mkono utapungua. Nikaanza kutafuta mkono.

Kiwanja cha netiboli ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Kwenye karatasi ile kingekuwa sentimita sita kwa tatu. Nilitafuta sentimita sita kwa tatu kila pembe. Hazikuwapo. Pale wasichana wanapochezea palikuwa pamekaliwa na jukwaa la kusini. Nikatafuta njia ya miguu ambayo akina mama hupita kwenda kliniki kuchomewa watoto chanjo. Ilikuwa imekatwa na ukuta, na ili ufike kliniki ungezunguka hadi barabara kuu, penye matatu zinazopanda kwenye kando ya njia. Nikatafuta miti mitatu ambayo wazee hukaa chini yake kucheza bao na drafti. Palikuwa na maegesho ya magari. Na kibanda changu, bila shaka, hakikuwapo. Lakini hilo nilikuwa nimekwisha kulitarajia.

Ninaweza kusema mabadiliko yangu yalianzia pale, mbele ya ule mchoro usio na rangi. Si kwamba nilianza kuupenda mpira. Nilitambua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nimekaa mahali ambapo naona kila anayetumia uwanja, kuanzia anayekimbia alfajiri hadi anayepita usiku akiyumba, na kwamba aliyechora ule mchoro hakuona hata mmoja isipokuwa wachezaji 22. Hakuwa mtu mbaya. Alichora alichoambiwa.

Nilipolisema hilo kwenye mkutano wa kwanza, nilizomewa. Vijana walinisikiliza mpaka neno "lakini", halafu hawakusikia tena. Mmoja alipaza sauti: "Mathe analilia kibanda chake!" Ukumbi ukacheka. Kocha alisimama akasema, kwa adabu, lakini kwa maneno yanayochoma, kwamba kuna wazazi wanaotaka watoto wabaki kwenye vumbi ili biashara ziendelee. Kuanzia siku ile jezi zilipelekwa kwa fundi mwingine upande wa pili wa reli.

Basi nikafanya jambo ambalo wanangu waliliona ni wazimu. Nilikihamisha kibanda kabla ya kuulizwa. Nikalipa mkokoteni, nikahamia ng'ambo ya barabara, karibu na muuza makaa, mahali ambapo wapitaji ni wachache na moshi ni mwingi. Hasara ninayo hadi leo. Lakini mkutano uliofuata, aliyetaka kunijibu ilibidi ajibu kuhusu netiboli.

Waliosimama nami mwanzoni hawakuwa wengi: wasichana wa netiboli, Mwalimu na fimbo yake, mama wa samaki, na kijana mmoja wa bodaboda anayefundisha wenzake kuendesha pikipiki pale uwanjani Jumapili asubuhi. Mwalimu alisema kelele tumepiga za kutosha, sasa tuhesabu. Tukafungua daftari. Tukagawana saa. Kila aliyeketi zamu aliandika ni nani yuko uwanjani na anafanya nini, kwa wiki nzima, mvua na jua.

Daftari lile ningependa kila diwani wa nchi hii alisome. Alfajiri kabla ya jua: wazee wenye kisukari, wakitembea kwa raundi kama walivyoagizwa na daktari. Asubuhi: watoto wa shule mbili zisizo na uwanja, somo la michezo. Saa nne hadi saa sita: akina mama wa chama wakifanya mkutano chini ya mti, wazee wa drafti, kijana aliyepoteza kazi akilala. Mchana: watoto wadogo na tairi. Ijumaa: mafunzo ya densi. Jumamosi: harusi ya mtu, hema na sufuria. Jumapili: pikipiki asubuhi, ibada ya kanisa lisilo na jengo hadi adhuhuri, kisha ligi. Idi ikifika, Waislamu wa mtaa husali pale, safu kwa safu. Msiba ukitokea, mchango hufanyika pale. Na kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, katikati ya uwanja, kila siku ya wiki, hapakuwa na msichana hata mmoja. Walikuwa ukingoni, kwenye sentimita zao sita kwa tatu, wakikwepa mipira iliyopotea njia.

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa kocha, nami sikulitarajia. Ana binti.

Sambamba na daftari tuliandika barua. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Hayo Mwalimu aliyanakili kwa mkono wake juu ya barua, kwa herufi kubwa. Tuliomba vitu vitatu tu: michoro yote, makadirio ya gharama, na mpango wa matunzo. Siku zilipotimia tulipeleka nyingine, ya kukumbusha, na nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala. Michoro ikaja. Makadirio yakaja, kurasa zikiwa zimepangwa ovyo. Mpango wa matunzo haukuja, kwa sababu haukuwapo.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza nyasi bandia ni kitu gani. Ni nyuzi za plastiki zilizosukwa kwenye zulia, katikati yake hujazwa mchanga na chembe za mpira ili mguu upate ulaini. Chembe zile husombwa na viatu na mvua, hivyo zulia hutaka kupigwa brashi na kuongezewa mara kwa mara. Lisipopigwa brashi nyuzi hulala na uwanja huwa mgumu. Jua kali likiwaka, zulia hupata moto kuliko udongo, mtoto wa pekupeku hawezi kusimama. Huwezi kukita vigingi vya hema juu yake, wala kuwasha jiko, wala kupitisha pikipiki. Na hata ukilitunza vizuri, baada ya miaka minane hadi kumi hivi linataka kubadilishwa. Nani atalipa? Kwenye makadirio kulikuwa na fedha za kukata utepe, za kubadilisha zulia hazikuwapo.

Mkutano uliogeuza mambo ulifanyika uwanjani penyewe, si ukumbini, kwa shauri la kocha. Alikuja na kamba. Akasema tupime. Sheria ya kwanza ya kandanda inaruhusu uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba vijana wa mtaa lazima wachezee mita 105 kwa 68. Mhandisi wa mradi alisema kipimo kikubwa ndicho cha kisasa, tutakihitaji siku tutakapoandaa mechi za ligi kuu. Nahodha wa netiboli, msichana mwenye sauti ndogo na ulimi mrefu, akamuuliza: "Kwani bwana mhandisi, ligi kuu itaegesha basi wapi, kwa Mama Jezi?" Hata mheshimiwa alicheka.

Tulipunguza upana hadi mita 58 na urefu hadi mita 100. Jukwaa la kusini likafutwa. Lilikuwa limechukua mita kumi. Kumi na kumi, ishirini. Netiboli ikaingia, imebanwa, lakini imeingia, na sakafu yake ya saruji ikaandikwa ndani ya mkataba wa mkandarasi. Ukuta wa mawe ukawa uzio wa waya unaoonekana kote, maana sisi wanawake tulisema wazi kwamba ukuta mrefu wenye lango moja ni mahali pa kukabwa. Malango yakawa mawili, na njia ya kliniki ikabaki kandokando ya uzio. Miti miwili ikapona. Wa tatu ulikatwa siku ambayo hatukuwa na zamu, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba alitoa amri.

Kuhusu matunzo, wazo lilikuwa la kocha tena. Alitueleza kwamba kule Mathare, chama cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, hupa timu pointi za ligi kwa kuzoa taka mitaani. Kwa nini na sisi tusitoe pointi kwa timu inayopiga brashi zulia? Ndivyo ilivyo sasa. Timu iliyokwepa zamu yake msimu uliopita ilishuka daraja huku ikiwa na mabao mengi kuliko timu iliyoipita, na kelele zilizopigwa siku hiyo zilisikika mpaka Barabara ya Jogoo.

Sitaki msomaji adhani kila mtu aliondoka ameshiba. Swala ya Idi hatukuitatua. Waislamu wa mtaa wetu walisali pale tangu mababu, na sasa hema haliwezi kukitwa, magari hayaingii, wakati wa mvua hakuna pa kujikinga. Walihamia uwanja wa shule, ambao ni mdogo. Mzee mmoja wa msikiti aliyetusaidia sana siku za mabati bado huniitikia salamu kwa kichwa tu, na sina hoja ya kumpa. Kanisa lisilo na jengo lilihamia chini ya mti wa maegesho. Mama wa samaki alipata kibanda kwenye safu mpya ya maduka kisha akashindwa na kodi. Mimi sikuomba duka. Niliona nikiomba, yote niliyoyasema yatageuka kuwa ya kuombea duka.

Na uwanja ulipofunguliwa, jambo la kwanza tulilogombania lilikuwa funguo. Walizitaka mheshimiwa, chifu, timu, na kijana mmoja aliyejiita meneja wa uwanja ambaye hakuna aliyemwajiri. Hapa tuliegemea tena Katiba, Jedwali la Nne, linaloweka viwanja vya michezo na burudani chini ya serikali za kaunti. Maana yake uwanja si mali ya mheshimiwa, na si mali ya timu pia, jambo ambalo vijana walilipokea kwa shida kidogo. Tuliandikiana makubaliano: watoto hadi saa kumi jioni bila malipo, wasichana wana katikati ya uwanja Jumanne na Alhamisi, mashindano ya watu wa nje hulipa, na risiti hubandikwa langoni kila mwezi. Bili ya umeme wa taa bado inatusumbua. Usiku mwingine uwanja una giza kwa sababu tokeni zimeisha na hakuna aliyekubali kuwa ni zamu yake.

Wanaonijua huniuliza nimebadilika nini. Kuotea mpaka leo sikuelewi, wamenieleza kwa vizibo vya soda wakachoka. Lakini siku hizi nasoma matangazo ya ardhi magazetini kabla ya kurasa za tanzia. Nimeacha kusema "huo ni mpira wa wanaume". Jumanne jioni nafunga kibanda mapema nikaketi kwenye jukwaa lile lililobaki. Jezi zimerudi, na safari hii zina sketi. Kocha huja kuzichukua mwenyewe, tunabishana bei kama zamani, na lile neno aliloniambia ukumbini hatujawahi kulizungumza. Nafikiri hatutalizungumza.

Wewe unayesoma, ikiwa una uwanja karibu na kwako, hata uwe wa vumbi, hata uwe wa pembetatu, usingoje mabati wala usingoje habari njema. Tafuta ramani yake sasa, wakati hakuna anayeutaka. Hapa Nairobi upekuzi wa ardhi huweza kufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Kama mtandao huo haujafika kwenu, panda ngazi za ofisi ya ardhi, wakikwambia rudi kesho, rudi kesho. Wakileta mchoro wa rangi, ulizia ule usio na rangi, na uende na kitu cha kupimia. Andika ni nani anatumia uwanja saa ngapi, pamoja na wale wasiokuja mikutanoni. Kila barua utakayoipeleka, hakikisha imepigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ibaki kwako, isibaki kwa mheshimiwa.